Miguu Iwe Juu ya Mawe

Kabla hatujanunua hata msumari mmoja, baba mkwe wangu alileta ngazi ya kusimama, akaisimamisha pale tulipopanga kujenga, akaniambia nipande niketi juu kabisa. Nikaketi. Akavuta futi kamba, akapima toka ardhini hadi kwenye nyayo zangu, halafu hadi nilipokalia, halafu hadi utosini, na juu ya utosi akaongeza viganja vitatu. Akaandika tarakimu hizo kwa penseli kwenye kipande cha ubao. "Hii ndiyo sauna," akasema. "Yaliyobaki ni kuta za kuizungushia."

Hiyo ilikuwa sauna yetu ya pili. Ya kwanza tuliijenga mimi na mke wangu kwa kufuata mchoro uliokuja na vifaa, mwaka wetu wa tatu wa kuishi Ufini. Dari lilikuwa na kimo cha mita 2 na sentimita 10. Benchi la juu lilikuwa sentimita 90 toka sakafuni, la chini sentimita 45. Jiko lilikuwa zuri na mbao zilinukia vizuri. Lakini kila Jumamosi tulitoka humo masikio yanaungua na vidole vya miguu baridi kama vya mtu aliyetoka kuchota maji alfajiri. Tukaongeza kuni, masikio yakaungua zaidi, vidole vikabaki vilevile. Baada ya misimu miwili tukaibomoa. Nimeona ndugu zetu wengine waliohamia huku, Watanzania, Wakenya, na familia kutoka Kongo zilizopokewa kama wakimbizi, wakipata nyumba au kibanda kando ya ziwa na kuanza kujenga kwa mchoro kama ule wetu. Nawaandikia wao kwanza. Mchoro mbaya hula mbao zilezile na pesa zilezile kama mchoro mzuri.

Lazima kwanza tukubaliane tunajenga nini. Mtu wa kwetu akisikia "sauna" hukumbuka nyungu: sufuria la majani ya mwarobaini na mchaichai, blanketi gubigubi, jasho. Mwenyeji wa Unguja anaweza kukumbuka Hamamni, zile hamamu za mawe za Sayyid Barghash. Aliyefanya kazi hotelini atakumbuka kile chumba kikavu chenye kibao cha kukataza kumwagia maji jiko. Sauna ya Kifini si yoyote kati ya hizo. Ni chumba cha mbao chenye joto la nyuzi 70 hadi 100 usawa wa vichwa vya walioketi, ambamo jiko hubeba mawe, na juu ya mawe hayo watu humwaga maji kwa kata, kidogo kidogo. Maji hugeuka mvuke, mvuke hupanda darini, hutambaa, kisha hushuka mabegani. Mvuke huo una jina lake: löyly. Neno hilo hapo kale lilikuwa na maana ya pumzi au roho, na wataalamu wa lugha huliweka ukoo mmoja na neno la Kihungari lélek, yaani roho. Jiko na mawe yake huitwa kiuas. Kumkataza Mfini asimwage maji kwenye kiuas ni kama kumpa mtu kikombe cha chai ukamkataza kunywa.

Ufini ina watu milioni 5 na nusu na sauna zinazokadiriwa kufikia milioni 3. Mwaka 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni huu kwenye orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Zamani mtu aliyefungua shamba jipya msituni alijenga sauna kwanza, akaishi humo hadi nyumba ilipokamilika. Wanawake walijifungulia humo, kwa kuwa ndicho chumba chenye joto na maji ya moto, na maiti walioshewa humo humo. Naona ni vizuri mjenzi ayajue haya kabla ya kushika msumeno, maana humpa heshima ya kutokimbilia vitu vya kupendeza macho tu.

Sasa turudi kwenye ule ubao wa baba mkwe. Hewa ya moto hukaa kwa tabaka. Katika chumba ambacho dari lina nyuzi 100, sakafuni panaweza kuwa na nyuzi 30 au 40. Mvuke nao hauendi chini kuliko mahali ulipozaliwa isipokuwa kwa shida; huzaliwa juu ya mawe, hupanda, hujaa toka darini kuja chini, na chini ya usawa wa mawe hewa hubaki baridi hata ukichoma msitu mzima. Kwa hiyo kanuni ya wajenzi wa Kifini ni moja: nyayo za aliyeketi ziwe usawa wa juu ya mawe, na zikizidi hapo ni bora. Akiketi hivyo, mwili mzima toka kidole hadi unywele uko ndani ya löyly. Akiketi chini ya hapo, anapikwa kichwa peke yake, kama tulivyopikwa sisi.

Hesabu yake ni rahisi. Kiuas ya kuni ya kawaida huwa na mawe yanayoishia kama sentimita 80 toka sakafuni. Weka benchi la miguu kwenye sentimita 90. Ongeza 45 za kukalia: benchi la juu liko sentimita 135. Toka hapo hadi darini acha sentimita 110 hadi 120, si zaidi sana, maana nafasi tupu juu ya kichwa ni joto unalolilipia bila kulitumia. Jumla ni kama mita 2 na nusu. Kupanda huko juu unahitaji ngazi moja ya sentimita 45 kati ya sakafu na benchi la miguu. Yaani 45, 90, 135: hizi mbili za mwisho, pamoja na kimo cha dari, ndizo zilikuwa kwenye ule ubao, na bado tunao, tumeupigilia kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Watu wengi hukosea kwa sababu huanza na dari walilonalo. Wana chumba cha mita 2.10 chini ya paa, wanakibana. Kama jengo ni jipya, inua dari. Kama jengo ni la zamani na dari haliinuki, tafuta kiuas fupi, na uinue benchi hadi kichwa cha mtu mrefu kuliko wote nyumbani kiwe kiganja kimoja chini ya dari. Si raha kamili, lakini ni afadhali kuliko miguu baridi. Na angalia majiko ya umeme ya siku hizi yaliyo kama mnara. Yanapendeza, yana mawe mengi, lakini baadhi mawe yake yanafika mita moja au kupita, na hapo hesabu yote ya benchi inapanda nayo. Pima mawe yanapoishia kabla ya kulipa.

Upana wa benchi la juu uwe sentimita 60, ili mtu akitaka alale, na kila mtu mmoja umpe sentimita 60 za ukuta. Familia ya watu wanne hutosheka na chumba cha takriban mita 2 kwa mita 2 na robo. Mimi napenda mabenchi mawili yanayokutana kwa umbo la herufi L, kwa sababu mazungumzo ya sauna ni ya polepole na hupenda kuonana, ila pembe ya L isimkoseshe mtu raha: hakikisha miguu ya aliye pembeni ina pa kukanyaga. Kiuas iwekwe mahali ambapo wote wanaiona na mmoja wao anaifikia kwa kata bila kuinuka.

Hewa ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Mtu akizimia au akitoka na kichwa kizito, mara nyingi husingizia joto, kumbe alikuwa anavuta pumzi za wenzake. Kwa kiuas ya kuni, tundu la kuingizia hewa liwe chini, karibu na jiko, kwa sababu moto wenyewe huvuta hewa. Tundu la kutolea liwe ukuta wa upande wa pili, chini ya benchi la juu. Kwa kiuas ya umeme hakuna moto wa kuvuta, hivyo weka feni ya kunyonya hewa chini ya mabenchi, na hewa safi iingie juu ya mawe, ili ichanganyike na joto kabla ya kuwafikia watu badala ya kuteleza sakafuni kama nyoka na kutoka bila kumgusa mtu. Tundu la tatu liwe karibu na dari, lenye kifuniko. Hilo hufungwa wakati wa kuoga na kufunguliwa baada ya kuoga, kukausha chumba. Ukiliacha wazi watu wakiwa ndani, löyly yote inakwenda kuwapasha moto ndege. Chini ya mlango acha uwazi, na mlango wenyewe ufunguke kwa kusukumwa nje, bila komeo wala kitasa cha kufunga. Mtu aliyeishiwa nguvu aweze kutoka kwa kuuegemea tu. Katika hili usimsikilize fundi yeyote anayekuambia vingine.

Kuhusu moto wenyewe, mimi ni mtu wa kuni. Baba mkwe hutumia koivu, mti wa gome jeupe, uliopasuliwa majira ya kuchipua na kukaushwa kiangazi chote. Kuni mbichi zinafuka tu na kuziba dohani kwa masizi. Wa mjini, mwenye ghorofa, atatumia umeme, na hakuna aibu. Majengo mengi ya ghorofa ya Ufini yana sauna, ama ya pamoja ama ndani ya kila nyumba. Kwa umeme kadiria kilowati 1 kwa kila mita ya ujazo ya chumba, kisha soma jedwali la mtengenezaji. Kila mita ya mraba ya kioo, tofali au kigae kisicho na kizuia joto nyuma yake ihesabu kama mita 1.2 za ujazo za ziada. Ule mlango na ukuta mzima wa kioo unaoonekana kwenye majarida una bei mara mbili: dukani, na kwenye bili ya umeme kila mwezi. Nyaya za kiuas afunge fundi umeme mwenye leseni.

Kiuas ya kuni nayo ina sheria zake. Kila moja ina kibandiko kinachosema umbali wake na mbao: pembeni, nyuma, juu. Fuata sentimita kwa sentimita, au weka ngao ya chuma au ukuta wa matofali. Mahali dohani inapopenya dari ndipo sauna nyingi zinapoanzia kuungua. Pale pasiguse ubao wala pamba isiyofaa kwa moto, na pakaguliwe kabla ya kuwashwa. Na dohani isafishwe na fundi wake. Sisi tuliokulia na majiko ya mkaa tunajua habari ya watu waliolala na jiko ndani ya chumba kilichofungwa wasiamke. Hewa ileile ya kaboni monoksidi ipo hapa, haina harufu wala rangi. Usifunge dohani makaa yakiwa bado mekundu.

Mawe usiokote mtoni wala ufukweni. Yaliyolainishwa na maji huweza kuwa na nyufa zenye unyevu ndani, na yakipata moto hupasuka kwa kishindo. Nunua yaliyochimbwa kwa kazi hii: peridotiti, au diabasi yenye olivini, mazito na meusi. Kwa kuni chagua yenye sentimita 10 hadi 15, kwa umeme 5 hadi 10. Yaoshe, panga makubwa chini, madogo juu, na uyaache yapumue. Anayeyabana kama ukuta huzuia hewa kupita na kuunguza vyuma vya umeme. Wingi wake una maana. Kiuas yenye kilo 20 za mawe hutoa mvuke mkali wa mara moja unaochoma kama upupu, halafu kimya. Kiuas yenye kilo 100 na zaidi hutoa mvuke laini unaokaa. Kama pesa yako inatosha jambo moja tu la anasa, nunua mawe mengi. Kila mwaka yatoe yote, tupa yaliyoanza kumong'onyoka, panga upya. Na umwagie maji safi yasiyo na chumvi. Ya bahari hula chuma.

Kuta nitazipitia haraka, maana seremala yeyote mzuri huku anazijua. Toka ndani kwenda nje: mbao zinazoingiana ulimi kwa mfereji, halafu uwazi wa sentimita 2 au zaidi unaotengenezwa na papi, halafu karatasi ya alumini iliyofungwa kwa utepe kila mshono, halafu pamba ya mawe ya sentimita 10, na darini zaidi ya hapo. Mshono mmoja ulioachwa wazi unatosha kupitisha mvuke kwenye pamba, na baada ya miaka michache ukuta unaoza kwa ndani bila wewe kuona. Hapa ndipo usimamie mwenyewe, hata kama umeajiri fundi.

Ukijenga kwa magogo matupu, kama sauna za kale, huhitaji karatasi wala pamba, ila unahitaji subira. Ukuta wa magogo hushuka kadiri unavyokauka, sentimita 1 hadi 5 kwa kila mita ya kimo. Dohani haishuki. Basi juu ya fremu za mlango na dirisha acha nafasi, na pale dohani inapopita paa lisiikamate. Niliona jirani mlango wake ukibanwa na gogo la juu hadi haufunguki, kwa sababu tu nafasi hiyo ilijazwa ubao.

Mbao za ukutani zaweza kuwa msonobari au kuusi, ambao ni mti mwingine wa ukoo wa misonobari, lakini mabenchi yana masharti mengine, maana ndiyo yanayogusa ngozi. Utomvu ukichuruzika kwenye kifundo cha msonobari katika nyuzi 90 ni moto wa kubandika. Wafini hutumia haapa au leppä, miti isiyo na utomvu. Na wanatumia mti mwingine ambao jina lake lilinishangaza: apassi. Unatoka Afrika Magharibi na ya Kati. Ghana wanauita wawa, Nigeria obeche, Kameruni ayous. Ni mwepesi, haushiki joto haraka, na nilipoukalia mara ya kwanza nilihisi ubaridi mahali nilipotegemea kuungua. Skrubu zote zifungwe toka chini, kichwa cha chuma kisionekane popote. Kati ya ubao na ubao acha uwazi wa sentimita 1, ili hewa na maji vipite. Usipake vanishi. Kama utapaka kitu, ni mafuta ya parafini maalumu kwa mabenchi, na kila mtu akalie kitambaa chake cha kitani. Mabenchi yawe ya kutolewa au kuinuliwa, kwani chini yake lazima pasuguliwe.

Sakafu iwe ya zege na vigae, yenye mwinamo wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Maji ya kuogea yasiende ziwani moja kwa moja. Yapitishwe ardhini kwenye shimo la changarawe, umbali ambao ofisi ya ujenzi ya manispaa itakuambia. Ofisi hiyohiyo uiulize kuhusu kibali na umbali wa jengo toka ukingoni mwa maji. Uliza kabla ya kuchimba.

Dirisha liwe dogo, chini ya usawa wa macho ya aliye benchi la juu, na kama unaweza litazame magharibi. Ufini jua la Juni huzama karibu na usiku wa manane, na sauna ya mkesha wa Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, hupata mwanga huo wa dhahabu kwenye maji. Taa za ndani ziwe hafifu, zifichwe chini ya mabenchi. Nje weka kibaraza. Msiobobea mnaweza kudhani kibaraza ni mapambo. La, nusu ya sauna hukaliwa hapo. Mtu huingia, hutoka, hukaa nje akifuka mvuke kwenye baridi, huingia ziwani au kwenye tundu lililokatwa kwenye barafu, hurudi. Njia ya toka mlangoni hadi majini aitembee mtu mwenye miguu mitupu, gizani, bila kujikwaa.

Wapo watakaotamani savusauna, ile ya kale isiyo na dohani, ambayo moshi hujaa chumbani kwa saa nyingi, kisha moto huachwa ufe na moshi hutolewa ndipo watu waingie. Löyly yake hailinganishwi na nyingine yoyote, na ndiyo maana naisifu kwa moyo wangu wote. Lakini usianze nayo. Huungua kwa urahisi, na kabla ya kuingia ni lazima makaa yawe yamekufa kabisa, mawe yamwagiwe maji ya kwanza kusukuma nje hewa mbaya, mlango uachwe wazi, na mtu angoje. Jifunze kwa mzee anayeijua, kwa msimu mzima, ukimletea kuni na kunyamaza. Asiye na mzee wa namna hiyo na anayetaka tu kuonja sauna ya zamani aende Tampere, mtaa wa Pispala, kwenye Rajaportti, sauna ya umma inayofanya kazi tangu 1906. Aketi benchi la juu na atazame miguu yake iko wapi kulinganisha na mawe.

Siku ya kwanza, kiuas mpya iwashwe nje ya jengo, au milango yote ikiwa wazi, bila watu, hadi rangi na mafuta ya kiwandani yaishe kuungua. Baadaye, kila mara mkimaliza kuoga, wa mwisho kutoka atie vipande viwili vya kuni, afungue tundu la juu na mlango, ainue mbao za kukanyagia zilizolazwa juu ya vigae, zikauke. Kwetu kazi hiyo ni ya baba mkwe. Ana miaka themanini na kitu, hupanda ngazi zile tatu akishika ukuta, na Jumamosi iliyopita alinipa kata akaniambia sasa nimwage mimi.